Mkono Mwepesi

Chini ya turubai la msiba pale Nyegezi, Mwanza, kila aliyesimama kumzungumzia Bibi alirudia maneno yale yale: alikuwa na mkono mwepesi. Walisema hivyo wazee aliowachoma penisilini wakiwa vijana, wakasema akina mama aliowazalisha, akasema na mvuvi mmoja wa Kayenze aliyeapa kwamba alichomwa sindano mbili siku moja asijue ya pili iliingia lini. Kisha ikasomwa historia ya marehemu, ukurasa mmoja na nusu: kuzaliwa, shule ya misheni, kozi ya uuguzi, ukunga, vituo alivyopangiwa, kustaafu kwa sheria alipofikisha miaka 60, watoto, wajukuu, vitukuu. Huo mkono haukuwamo kwenye karatasi. Hata ungekuwamo, ungeandikwa kama kipaji, na Bibi hakupenda neno hilo. Alisema mwenye kipaji hana cha kumfundisha mtu.

Wepesi wake ulianzia jikoni, kabla mgonjwa hajafika. Alipoanza kazi, miaka michache baada ya Uhuru, bomba la sindano lilikuwa la kioo na sindano yenyewe ilitumika kwa mtu wa leo, wa kesho na wa mwezi ujao. Sindano ya kurudiwa huota ndoana ndogo nchani, isiyoonekana kwa macho, na ndoana hiyo ndiyo inayorarua nyama wakati wa kuchomoa. Kila jioni Bibi alipitisha ncha ya kila sindano juu ya pamba kavu. Ikipita bila kunasa, inarudi kwenye sufuria. Ikivuta uzi hata mmoja, inakwenda kwenye jiwe la kunolea lenye tone la mafuta, inasuguliwa kwa mlalo wa ile ncha ya asili, inapitishwa tena kwenye pamba. Wauguzi wengi walijua kunoa. Wachache walikumbuka kupima baada ya kunoa.

Bomba nalo lilikuwa na mambo yake. Yale ya kioo yaliandikwa namba, moja kwenye mwili na nyingine kwenye mchi wake, na namba hizo zilipaswa kufanana. Ukichanganya mchi wa bomba hili na mwili wa lile, ama unakwama ama dawa inarudi nyuma, na mgonjwa anapata nusu ya dozi huku kitabuni ikiandikwa kamili. Kwa hiyo aliyachambua kabla ya kuyachemsha, kila jozi akaifunga kwenye shashi yake. Aliyaweka kwenye maji baridi ndipo akawasha moto, kwa kuwa kioo kikitumbukizwa kwenye maji yanayochemka hupasuka. Dakika 20 zilihesabiwa kuanzia maji yanapotokota sawasawa, si yanapoanza kutoa mvuke. Na mtu akitumbukiza koleo moja katikati, hesabu inaanza upya. Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi, maana foleni ni ndefu nje, wenye homa wameegemea ukuta, na mhudumu anasema, "Sista, ni koleo tu." Bibi alitazama saa yake ya kifuani na kuanza tena dakika ya kwanza. Maji yalikuwa ya mvua kila yalipopatikana, kwani ya kisima chenye chumvi huacha ukoko mweupe ndani ya kioo na mchi ukaanza kusuasua.

Sasa kuchoma. Alipaka spiriti, halafu akasubiri ikauke, nusu dakika hivi. Mwasho ambao watu hudhani ni wa dawa mara nyingi ni spiriti mbichi inayoingizwa na sindano. Wakati anasubiri, alimwambia mgonjwa aliyelala kifudifudi aelekeze vidole vya miguu vitazamane. Ukifanya hivyo msuli wa tako hauwezi kukaza hata ukitaka, na msuli uliolegea hauumi sana. Mahali ni robo ya juu ya upande wa nje. Chini ya hapo au karibu na katikati unapita mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, na mtoto aliyechomwa pale anaweza kubaki anachechemea maisha yake yote. Kwa watoto wadogo alichoma pajani, upande wa nje. Sindano iliingia mara moja, kwa haraka. Alivuta mchi kidogo kuangalia damu. Kisha dawa ilisukumwa polepole, sekunde 10 kwa kila mililita, hivyo penisilini nzito ya mililita tatu ilichukua nusu dakika nzima, na kwa nusu dakika hiyo alikuwa akiuliza habari za mihogo au za ng'ombe. Watu wanakumbuka yale maongezi. Kumbe yalikuwa saa.

Kuanzia mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa ng'ambo ya ziwa kule Kagera, ambako watu waliuita Juliana, jiko lile la kuchemshia lilipata uzito mpya. Glovu zilikuwa chache, na zilizokuwepo zilifuliwa na kurudiwa. Alizipima moja moja: unaikamata penye mdomo wake, unaizungusha ijae hewa, unaizamisha kwenye beseni la maji na kutazama mapovu. Penye povu pana tundu. Ya tundu ilibaki ya kusafishia vyombo, haikugusa mzazi. Baadaye vyombo vilianza kulowekwa kwanza kwenye maji ya klorini kabla ya kuoshwa: sehemu moja ya jiki ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji, dakika 10. Zikipungua, hujaua kitu. Zikizidi sana, mkasi unakula kutu. Wapo waliodhani kwamba kuloweka usiku kucha ndiyo usafi zaidi, na kila baada ya miezi michache walikuwa wanaomba mikasi mipya.

Lakini anayetaka kumjua Bibi vizuri angemwona na friji ya mafuta ya taa.

Zahanati nyingi za kando ya ziwa hazikuwa na umeme. Chanjo za watoto, mpango ambao Tanzania iliuanza mwaka 1975, zilihitaji kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na kilichozihifadhi kilikuwa sanduku jeupe lenye moto chini yake. Wageni walicheka: moto unaleta baridi? Unaleta, kwa sababu joto la utambi ndilo linalosukuma gesi ya amonia izunguke kwenye mabomba ya nyuma, na gesi hiyo inapogeuka ndani ya friji inanyang'anya joto. Ila moto wenyewe uwe wa buluu. Wa njano hutoa moshi, moshi huacha masizi kwenye dohani, masizi huzuia joto lisifike kwenye bomba, na friji inapoa nje huku ndani inapata joto. Kosa la kawaida ni kuona friji haipoi ukaongeza utambi. Moto unakuwa mkubwa zaidi, wa njano zaidi, masizi yanazidi, na asubuhi kipimajoto kinasoma 14.

Bibi alifanya kinyume. Friji isipopoa alizima. Akaacha dohani ipoe, akaipitisha brashi, akaukata utambi ukawa sawa pande zote bila pembe, akawasha kwa kimo cha chini na kuupandisha kidogo kidogo. Kisha alitazama usawa. Friji ya aina hiyo ikiinama upande, gesi haizunguki hata moto uwe mzuri namna gani, kwa hiyo juu yake kulikuwa na sahani ya maji, ambayo ilimwambia mguu upi uwekewe kipande cha ubao. Haikukaa kwenye upepo wa dirisha. Mafuta aliyapokea na kuyaacha yatulie kwenye dumu siku nzima, kisha akamimina bila kufikia chini, kwa sababu maji yaliyochanganyika hutuama chini na yakiingia kwenye tangi moto unatapatapa na kuzimika usiku. Chini kabisa ndani ya friji alipanga chupa za maji. Hizo hushika baridi saa kadhaa moto ukizimika. Kipimajoto alikisoma asubuhi na jioni na kukiandika, Jumapili pia. Wapo waliojaza karatasi ya mwezi mzima siku moja, 4, 5, 4, 5, kwa kalamu ile ile. Aliitambua karatasi ya namna hiyo akiwa mlangoni.

Na baridi kali ilimtia wasiwasi kuliko joto. Hili hata baadhi ya watu wa kazi hulisahau. Chanjo ya polio ya matone na ya surua haziharibiwi na barafu. Ya dondakoo, kifaduro na pepopunda ikiganda mara moja imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Kwa hiyo hii ya pili ilikaa mbali na sehemu ya barafu. Siku ya kwenda visiwani, vipande vya barafu havikuingia kwenye kiboksi moja kwa moja kutoka kwenye friji. Vilipangwa mezani hadi vikatoa jasho, na ukikitikisa kimoja usikie maji yakicheza ndani. Ndipo vikapangwa pembeni, chanjo katikati, kifuniko kikafungwa na kiboksi kikawekwa kwenye kivuli cha tanga. Mwenye mtumbwi akitaka kukikalia alihamishwa. Akiwa na shaka kwamba kichupa kiliganda, alikitikisa pamoja na kingine anachokiamini na kuvisimamisha sambamba: kilichoganda hufanya chenga na kutuama haraka, kizuri hubaki na ukungu. Surua ikishachanganywa na maji yake ina saa sita tu. Saa sita zikiisha, kichupa kilichobaki na dozi nne kilimwagwa, hata kama akina mama wanne walikuwa ndiyo kwanza wanateremka kutoka mlimani. Walilalamika, naye alifungua kichupa kipya.

Kwenye uzazi ataelezwa vizuri zaidi na wakunga wenzake, lakini mambo mawili hayakosi kutajwa na waliofanya naye kazi. La kwanza ni kibofu. Mzazi anayevuja damu baada ya kondo kutoka, kabla hujafanya lolote lingine, msaidie akojoe, kwa sababu kibofu kilichojaa huzuia mji wa mimba usikaze, huku ukiusugua tumboni hadi uwe mgumu kama mpira. La pili ni kanga. Hakuna aliyekuwa na chombo cha kupimia damu iliyomwagika sakafuni, ila kila mzazi alikuja na kanga. Mbili zikilowa chapachapa, damu imepita nusu lita, na safari inaanza: dripu inawekwa, mtumbwi au gari linatafutwa, ndugu wa kutoa damu wanapanda pamoja naye. "Hatusubiri kanga ya tatu," alikuwa akiwaambia wanafunzi. Alikasirishwa na neno "kidogo". Ukimwambia mama ametoka damu kidogo, alikuuliza kanga ngapi.

Miaka ya Mtu ni Afya, ile kampeni ya redio ya mwaka 1973, watu walikaa vikundi kumsikiliza mtangazaji wa Radio Tanzania na kisha wakaenda kuchimba vyoo. Bibi aliipenda, ila aliongeza yake kuhusu kichocho, ugonjwa ambao ukikaa ufukweni unauzoea kama inzi. Wadudu wa kichocho hutoka kwenye konokono jua linapopanda, na wingi wao uko mchana, saa zile zile ambazo watoto huogelea na akina mama hufua. Nje ya mwili wa mtu hawamalizi siku mbili. Kwa hiyo maji ya kuogea ya nyumbani kwake yalitekwa leo na kutumika keshokutwa, kwenye mapipa mawili yaliyopokezana, yenye vifuniko. Pipa likichotewa maji mapya katikati, siku zinahesabiwa tangu mwanzo, kama lile koleo kwenye sufuria. Baadaye vidonge vya prazikwanteli vilipokuja, alivitoa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo: mtoto wa kilo 30 hula viwili vya miligramu 600. Na alivitoa baada ya chakula, kwani tumbo tupu hugeuka, mtoto akatapika, na mwaka unaofuata mama anamficha.

Baada ya kustaafu watu hawakuacha kuja. Sindano nyumbani hakuchoma, hata kwa jirani, hata kwa fedha, hata usiku wa mvua. Sababu ilikuwa moja: mtu akizidiwa na dawa mlangoni pake, hana cha kumwokolea. Alichowapa ni kipimo na kikaratasi.

Mtoto anayeharisha alipimiwa maji kwa chupa mbili za bia, za nusu lita kila moja, na ilikuwa kichekesho cha mtaa kwamba mama wa kanisa ana chupa za bia zilizong'arishwa kabatini. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikisawazishwa kwa mgongo wa kisu. Kijiko cha mlima ndicho kinachoharibu: chumvi ikizidi, mtoto anakaushwa badala ya kunyweshwa. Unaonja kwanza, na isipite chumvi ya machozi. Kama ipo pakiti ya dukani, yote inakwenda kwenye lita moja, siyo robo yake kwenye kikombe kwa kukisia, kwa sababu unga ndani ya pakiti haukuchanganyika sawa na robo moja inaweza kuwa chumvi tupu. Inayobaki baada ya saa 24 inamwagwa. Mtoto wa chini ya miaka miwili anapewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kwa kijiko. Akitapika unasubiri dakika 10 na kuendelea polepole zaidi. Vidonge vya zinki navyo, miligramu 20 kwa siku, nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Hapo ndipo mama wengi huacha.

Dawa ya mseto ya malaria ilipoingia, akawa mkali kwa dozi ya pili. Ya kwanza sasa hivi, ya pili zikishapita saa nane tangu ile ya kwanza, siyo "jioni". Halafu asubuhi na jioni siku mbili zilizobaki, na kila dozi pamoja na kitu chenye mafuta, maziwa au kipande cha sato wa kukaanga, maana bila mafuta dawa hainywewi vizuri na mwili. Uji mweupe aliuona hautoshi.

Kikaratasi alikiandika kwa herufi kubwa, kwa ajili ya daktari asiyemfahamu. Hakuandika "mtoto anaumwa sana". Aliandika homa ilianza saa ngapi na siku gani, ameharisha mara ngapi tangu asubuhi, amekojoa mara ya mwisho lini, anapumua mara ngapi kwa dakika, amepewa nini na saa ngapi. Mistari mitano. Yeyote anayempeleka mgonjwa anaweza kuiandika, na inamwokolea daktari maswali ambayo bibi wa mtoto, aliyekuja badala ya mama, hana majibu yake.

Miaka ya mwisho alikuwa na presha, na kipimo chake mwenyewe alikisimamia kama cha mtu mwingine. Alikaa dakika tano bila kuzungumza, baada ya kwenda haja ndogo, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo. Kijana wa duka la dawa aliyetaka kumfunga kitambaa juu ya mkono wa sweta alirudishwa. Siku moja alipowekewa dripu, aliomba kuletewa saa yake na akahesabu matone: lita moja kwa saa nane, kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Yalikuwa yanashuka zaidi ya 60. Alimwita muuguzi kwa upole, akamwita mwanangu, akamwomba wahesabu pamoja.

Siku ya kuanua matanga vitu vyake viligawanywa. Kwenye boksi la bati kulikuwa na kipimajoto, uzi, wembe mpya ndani ya karatasi yake, pakiti mbili za chumvi ya kuongezea maji. Moja ilikuwa imepita muda, ikatupwa. Saa ya kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini ili mwenye kuivaa asome bila kushika kitu, ilichukuliwa na binti yake wa tatu, ambaye si muuguzi, anauza dagaa soko la Mwaloni. Hapo hapo mkwe mmoja akapita na mtoto wa miezi minane mgongoni, anakohoa. Ni mafua tu, akasema, vumbi la msibani. Shangazi huyo huyo akamwomba amshushe, asimnyonyeshe kwanza, asubiri atulie. Akafunua fulana, akatazama tumbo, akahesabu dakika nzima, bila kuhesabu robo na kuzidisha, kwa kuwa watoto hawapumui kwa mpangilio. Kwa umri ule, 50 ni mpaka.

Akapata 56. Akahesabu tena, akapata 54. Bajaji iliitwa kabla ya chai kumiminwa, na kikaratasi kikaandikwa juu ya boksi la bati.